Digrii ya Kazi ya Jamii: Masomo Tena ya Nini?

Akina mama wa hapa Naitiri waliniuliza: "Madam, si uko na diploma? Masomo tena ya nini?" Ni swali la haki.

Diploma ilinifunza kutembelea boma na kuandika ripoti. Lakini mtoto akipigwa, na anayempiga ni mweka hazina wenu (msicheke), huruma haitoshi. Lazima nijue Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, nijue pia namna ya kuongea na huyo mtoto bila kumtonesha kidonda. Digrii huyachimba hayo kwa kina, kisha mwanafunzi hupelekwa kazini chini ya msimamizi.

Kijana wa kidato cha nne huingia kwa kawaida na C+ ya KCSE. Aliyeikosa asikate tamaa, vyuo vingi hupokea mwenye diploma nzuri. Karo nayo ni mzigo. Bodi ya HELB, iliyoundwa 1995, hukopesha, lakini pesa hizo hurudishwa.

Kabla kikundi hakijamchangia kijana, mwulizeni kama chuo na kozi vimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mimi nimeona ng'ombe wa maziwa akiuzwa kwa ajili ya cheti kisichotambuliwa popote.