Msumeno wa Reli kwa Nyumba ya Ngujini

Desemba ikifika, watu wa Ngujini walioko Dar es Salaam na Arusha hupanda Upare kumalizia nyumba. Fundi wa kenchi ameshalipwa akaondoka; zimebaki fishabodi na fremu. Kazi hizo mwenye nyumba anaweza kuzifanya mwenyewe akiwa na msumeno wa umeme wa kukatia pembe, na wa bei nafuu unatosha, mradi ajue pa kukagua.

Msumeno wa diski ya inchi 10 usio na reli ya kuvutia kichwa chenye diski hukata ubao wa inchi 5 na ushei tu. Fishabodi ni inchi 8, na ukiilaza uikate mshazari wa digrii 45, njia ya meno inarefuka hadi inchi 11. Bila reli hufiki.

Lakini reli hiyohiyo ndiyo inayoiumbua mashine rahisi. Ukiwa bado dukani, kivute kichwa hadi mwisho, kisha kitikise kushoto na kulia. Kikicheza, achana na mashine hiyo. Kosa la nusu digrii kwenye ubao wa inchi 8 ni karibu milimita 2. Mbao mbili zikikutana, ufa unakaribia milimita 4. Muuzaji akikuruhusu, kata kipande, geuza nusu moja juu chini, uziunganishe tena kando ya rula: kosa linajionyesha mara mbili. Ukuta wa nyuma wa mashine, unaoegemezwa ubao, ukiwa umepinda pembe, bolti zinarekebisha. Reli iliyolegea haina dawa. Mwanga wa leza ni pambo.

Wati 1500 hadi 1800 zinatosha kwa mbao za mgrivea. Cha kuangalia zaidi ni waya. Mashine ya wati 1800 kwa volti 230 huvuta karibu ampea 8. Ekstensheni nyembamba ya milimita za mraba 0.75 yenye urefu wa mita 30 inapoteza kama volti 12, na wakati wa kuwaka hupoteza mara kadhaa zaidi. Waya wa shaba wa 2.5 unapoteza chini ya 4. Mtumba nao una mitego: plagi ya njano ya Uingereza ni volti 110, ya Japani 100.

Weka akiba ya kununua diski ya meno 60 ambayo meno yake hayakuinamia mbele sana. Ncha zake hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kivute kichwa kwako kwanza, shusha, ndipo usukume. Ukikata huku unavuta, meno yanaupanda ubao na mashine inakurukia.

Na mgrivea uliopasuliwa juzi usiukate pembe za mwisho. Una maji, unaibana diski, na ukikauka unasinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hiyo kona iliyobana Desemba inaachia kiangazi. Zipange mbao kivulini, ukiweka vijiti katikati ili upepo upite.