FIGO YA MUTWA HUANZIA KOMINE



Ikitajwa habari ya kupandikiza figo, wengi wetu humfikiria mganga bingwa na kisu chake. Kwa Mutwa mfinyanzi wa vilima vya Gitega au Muyinga, safari huanza mbali na chumba cha upasuaji, kwenye daftari la komine.

Figo huharibika kimya kimya. Shinikizo la damu na kisukari huzila kwa miaka bila maumivu yo yote. Zikishindwa kabisa, zipo njia mbili. Ya kwanza ni mtambo wa kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa juma, saa nne hivi kila mara. Ya pili ni kupewa figo ya mtu mwingine, mara nyingi ndugu, kwa kuwa mtu mzima mwenye afya aweza kuishi na figo moja. Baada ya hapo mgonjwa hunywa dawa kila siku, kwani mwili hutaka kuifukuza figo hiyo kama mgeni. Yafaa ieleweke pia kwamba hapo kabila halipimwi. Hupimwa kundi la damu. Wale waliokataa kunywa chombo kimoja na Mutwa walifikirie hilo.

Tanzania ilianza kupandikiza figo Muhimbili mwaka 2017. Rwanda ilianza mwaka 2023 katika hospitali ya King Faisal, Kigali. Kwa Mrundi huduma imesogea, lakini kuvuka mpaka kwataka hati, na hati yataka mtu awe ameandikishwa. Batwa ni kama mmoja katika kila Warundi mia. Katiba ya mwaka 2005 iliwapa viti vitatu Bungeni na vitatu katika Seneti, hata hivyo wengi wao hawajaandikisha ndoa wala watoto. Basi ndugu atathibitishaje undugu wake? Mganga mwaminifu hana budi kuuliza, maana figo huuzwa, na muuzaji huwa maskini. Azimio la Istanbul la mwaka 2008 liliilaani biashara hiyo.

Watumishi wa serikali wana Mutuelle yao tangu mwaka 1980. Mfinyanzi hana mwajiri wa kumchangia, na vyungu vyake vimesukumwa nje ya soko na sufuria na ndoo za plastiki.

Huko Australia, wenyeji wa asili huugua figo kupita wengine, lakini hupandikizwa kwa nadra. Mwaka 2019 kiliundwa kikosi kazi. Wagonjwa wenyewe wakaingizwa vikaoni, na mabingwa wakawafuata mbali na miji.

Matawi yetu ya Gitega na Muyinga yanao wauguzi na makarani. Siku ya soko, muuguzi apime shinikizo la damu na mkojo. Karani akae meza ya pili na fomu za kuandikisha ndoa na watoto, aeleze kwa Kirundi, na mzee wa Batwa akae naye. Tawi lianze na kilima kimoja.