Kata Mafunjo, Usiyang'oe

Ndugu mkulima wa Ngara na Biharamulo, leo tuzungumze juu ya mafunjo, yale ya bondeni yenye bua la pembe tatu, tunayosukia mikeka. Mafunjo hayafi kwa kukatwa. Uhai wake umo katika shina nene lililolala matopeni. Hapo ndipo huchipua tena. Shina hilo na mizizi yake hushika udongo unaoteremka mlimani usiingie mto Ruvubu na Kagera. Ukiling'oa, udongo utakwenda na maji. Basi kata juu ya maji, na machipukizi yaache. Ulipokata mwaka huu, rudi mwakani. Na jembe je? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Haya ndugu, kazi kwako!