Baiskeli ya Miguu

Wanangu, baiskeli mnaijua: unakanyaga pedeli, cheni inavuta, gurudumu linazunguka. Sasa ng'oeni magurudumu, wekeni miguu. Timu za wanafunzi wa uhandisi zimewahi kuunda mashine za namna hiyo, na swali linalowanyima usingizi ni hili: pedeli huzunguka duara, lakini mguu hautembei kwa duara. Unyayo ukiwa chini, ukiutazama kutoka kwenye mwili wa mashine, husogea nyuma kwa mstari mnyoofu, kisha huinuka, huruka mbele na kutua tena. Duara litageukaje kuwa hatua?

Mwanahisabati Mrusi, Pafnuty Chebyshev, alijibu kwa fimbo zilizounganishwa, na mwaka 1878 mashine yake ya kutembea ilioneshwa Paris. Siku hizi wengi hufuata mguu wa Theo Jansen, msanii Mholanzi, ambaye tangu 1990 huunda wanyama wa mabomba ya plastiki wanaotembea ufukweni kwa nguvu ya upepo. Kompyuta yake ilibuni miguu 1,500 yenye fimbo za urefu wa kubahatisha. 100 iliyo bora ikachaguliwa, ikachanganywa, ikazaa mingine, tena na tena kwa miezi. Zikapatikana nambari 11 za uwiano wa urefu wa fimbo, na siri yote imo humo. Mkono wa kranki, ule unaozunguka duara na kuusukuma mguu, ukiwa 15, fimbo mbili zinazoushika ni 50 na 61.9. Ukibadilisha urefu mmoja ovyo, unyayo hupanda na kushuka, na mpandaji hurushwa kama gunia.

Kwa hiyo timu makini huanza na kadibodi. Hukata vipande, huvibana kwa pini, huzungusha kranki kwa mkono huku penseli iliyofungwa unyayoni ikichora njia yake. Kwangu mimi, hiyo ndiyo saa tamu kuliko zote: duara linakuwa hatua mbele ya macho yako!

Kisha ndipo chuma. Miguu hupangwa mitatu mitatu, ikipishana nyuzi 120, ili mashine isikose unyayo wa kuiegemeza. Cheni hutoka gia ndogo ya pedeli kwenda gia kubwa ya kranki; mwendo unapungua, nguvu inaongezeka. Viungo navyo vinataka beringi nzuri, kwa sababu ulegevu mdogo wa kila kiungo hujumlishwa hadi unyayoni.

Jaribuni kwa kadibodi. Mstari wa chini ukinyooka, nendeni kwa fundi wa kuchomelea. Ukipinda, pimeni upya.