Kidonda cha Moyo na Dawa za Kulevya

Hapa Kiwalani wengi tunamfahamu kijana aliyeacha unga mara tatu, akaurudia mara tatu. Husemwa kwamba hana nia. Sisi wauguzi tumejifunza kuuliza swali jingine: alianza baada ya jambo gani?

Mmoja alitujibu baada ya miezi mingi, na kwa idhini yake tunasimulia. Akiwa mtoto alinajisiwa na jamaa wa nyumbani. Hakumwambia mtu. Usiku hakulala. Siku alipovuta unga kwa mara ya kwanza, alilala hadi asubuhi.

Aliyepatwa na jambo la kutisha, kama vile kupigwa, kunajisiwa, au milipuko ya mabomu ya Gongo la Mboto usiku wa Februari 16, 2011, anaweza kubaki na hofu mwilini hata hatari ikiisha. Hushtuka ovyo na kuota ndoto mbaya. Pombe na unga humtuliza kwa muda. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kuwa waliopatwa na aina nne au zaidi za mateso utotoni walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopatwa nayo.

Kwa nini huurudia?

"Arosto", yaani maumivu ya kuacha unga, hupungua baada ya siku kadhaa. Kumbukumbu hazipungui, hurudi kwa nguvu, na kilichozituliza hakipo. Kumfungia chumbani si tiba, tena ni hatari. Mlevi wa siku nyingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege. Aliyeacha unga akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa, maana mwili haukizoei tena.

Matibabu

Februari hiyo hiyo ya 2011, Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini. Zikafuata hospitali za Mwananyamala na Temeke. Mgonjwa huinywa kila siku, nayo huzuia arosto. Haiponyi kidonda cha moyo, ila humpa utulivu wa kukaa na mshauri. Yote mawili yatibiwe pamoja.

Nyumbani tufanye nini?

1. Tusimlazimishe kusimulia. Kwanza apate chakula, usingizi na usalama.
2. Akisimulia, tumsikilize bila kumlaumu. Siri yake isifike kwa majirani.
3. Kama aliyemwumiza bado yumo nyumbani, tumtenge naye na kutoa taarifa.
4. Akianguka tena, tumrudishe kliniki. Tusimfukuze.

Kijana wetu bado anahudhuria kliniki. Ziko siku analala vibaya, lakini sasa humwamsha mama yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Tusingoje kilio.