Wajane waliolinda taa ya bahari

Yeyote kati yetu aliyewahi kusafiri ziwani usiku anajua namna macho yanavyotafuta mwanga wowote upande wa nchi kavu. Ukiuona, moyo unatulia. Baharini kazi hiyo ya kuonyesha njia hufanywa na mnara wa taa. Ni nyumba ndefu yenye taa kali juu yake, inayomwambia nahodha: hapa kuna miamba, pita mbali.

Wiki hii nataka tutembelee mnara mmoja ulio mbali sana nasi, katika jimbo la California, Marekani. Uko kwenye rasi iitwayo Point Pinos. Rasi ni ncha ya nchi kavu inayoingia baharini, na jina hilo la Kispania linatokana na miti ya misunobari iliyoota pale. Upande mmoja ni ghuba ya Monterey, upande mwingine Bahari ya Pasifiki yenyewe, mawimbi yake yakipasukia mawe mchana na usiku. Swala hula majani karibu na nyumba bila kuogopa watu. Nyumba yenyewe si kubwa. Ni ya mlinzi na familia yake, na mnara mfupi unatokea katikati ya paa lake, kwa hiyo mtu alipanda kazini bila kutoka nje.

Taa hiyo iliwashwa mara ya kwanza tarehe 1 Februari 1855, na mpaka leo inawaka. Katika pwani yote ile ya magharibi ya Marekani hakuna mnara mwingine uliofanya kazi miaka mingi hivyo bila kuachwa.

Mlinzi wa kwanza alikuwa Charles Layton. Hakumaliza mwaka. Alijiunga na kundi la watu waliotoka na mkuu wa polisi kumfuata jambazi mmoja, akapigwa risasi na kufa. Nyumbani alibaki mke wake, Charlotte, na watoto wanne, bila feza.

Hapa kila msomaji anaweza kuendelea na hadithi kwa namna anavyoijua. Matanga hayajaisha, na tayari kuna mtu anayeuliza ufunguo uko wapi. Nyumba ni ya kazi, kazi ilikuwa ya bwana, na bwana hayupo. Lakini huko mambo yalikwenda vingine. Watu wa Monterey waliandika barua wakiomba Charlotte apewe kazi ile, kwa sababu alikuwa anaiweza na hakuwa na njia nyingine ya kulisha watoto. Serikali ilikubali. Akawa mlinzi mkuu, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Hawakumpa sadaka wala mkono wa pole. Walimpa kazi, kwa jina lake mwenyewe.

Na kazi haikuwa nyepesi. Mwanzoni taa iliwaka kwa mafuta ya nyangumi, yule mnyama mkubwa wa baharini. Nani kati yetu hajakata utambi wa koroboi ili upunguze moshi? Basi fikiri taa kubwa iliyozungukwa na vioo vilivyochongwa Ufaransa. Moshi kidogo tu ukivichafua, mwanga haufiki mbali. Ilipaswa kuwashwa jua linapozama na kulindwa mpaka asubuhi. Kukicha, vioo vinasafishwa kimoja kimoja, utambi unakatwa, mafuta yanapandishwa tena ngazi. Watoto nao wanataka chakula. Charlotte alifanya hivyo mpaka 1860.

Mwaka huo aliolewa na msaidizi wake, George Harris. Tangu hapo bwana akawa mlinzi mkuu, na mama akashuka kuwa msaidizi. Yaani msaidizi wa msaidizi wake! Mimi hapa nilisimama. Mikono ni ileile, taa ni ileile, na miaka ya kazi ni ya mama. Kuna atakayesema ndoa ina heshima yake. Kuna atakayesema cheo hakiingii katika mahari. Leteni swali hili kwenye mkutano wa kikundi chenu muone kama mtakubaliana.

Mjane wa pili alifika mwaka wa 1893. Emily Fish alikuwa na historia ambayo bibi zetu wangeielewa upesi. Dada yake alikufa akijifungua, akaacha mtoto wa kike, Juliet. Emily, akiwa msichana wa miaka 16 tu, aliolewa na mjane huyo, daktari, akamlea mtoto wa dada kama wake. Daktari alipofariki, Emily alikuwa amezoea maisha ya raha. Mkwe wake, mume wa Juliet, alikuwa ofisa mkaguzi wa minara, na alimsaidia kupata nafasi. Kwa hiyo ndiyo, alijuana na mkubwa. Lakini kazi aliifanya miaka 21. Alipanda nyasi na miti penye mchanga mtupu, akafuga ng'ombe na kuku. Katika kitabu chake cha kazi aliandika vibarua wanaume zaidi ya 30, na wengi wao aliwafukuza kwa sababu hawakuweza kazi.

Mwezi wa Aprili 1906 tetemeko kubwa la ardhi liliharibu mnara. Ulijengwa upya kwa zege lenye vyuma.

Na yule mtoto Juliet? Naye alibaki mjane, naye akapewa taa ya kulinda, kwenye kisiwa kiitwacho Angel Island, karibu na San Francisco. Mwezi wa Julai wa mwaka uleule wa 1906 ukungu mzito uliteremka juu ya maji. Taa haionekani katika ukungu, ndiyo maana kulikuwa na kengele inayopigwa na mashine. Mashine ikaharibika. Juliet alisikia meli zinakuja. Alichukua nyundo akaanza kuipiga kengele kwa mkono, akaendelea saa 20 na dakika 35, mpaka ukungu ulipoondoka. Baada ya siku mbili ukungu ulirudi, mashine ikakataa tena, naye akasimama usiku wote akipiga.

Mama na binti waliacha kazi mwaka mmoja, 1914. Leo taa ya Point Pinos inawaka kwa umeme bila mlinzi, na nyumba hufunguliwa kwa wageni. Wanapita sebuleni, na juu yao, katika mnara, bado viko vile vioo vya Ufaransa.