Pindo la Zambarau Juu ya Bati

Mwishoni mwa Februari jua la mchana hupita karibu kabisa na utosi wa Songea. Mji uko takriban nyuzi 10.7 kusini mwa ikweta, na jua huwa juu yake moja kwa moja mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari 20 na Oktoba 22. Februari ni mwezi wa mvua, kwa hiyo mawingu yakifunguka nuru humwagika kwa nguvu juu ya mapaa ya mtaa wa Lizaboni, bati likawaka huku chini ya upenu kukibaki giza. Hakuna hali inayoianika kasoro hii ya picha kuliko hiyo: mstari mwembamba wa zambarau, au mwekundu upande huu na wa kijani-bluu upande ule, unaofuata ukingo wa paa, majani ya mwembe yaliyoelekea mawingu meupe, au shela ya bibi harusi. Na wapiga picha huwa kazini, kwa kuwa Februari 27 ni kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa Songea mwaka 1906.

Mteja akilalamika, ushauri wa haraka huwa ni kubadilisha lenzi. Naomba usitoe hata senti kabla ya kuisoma picha yenyewe. Kinachoitwa kwa jina moja, pindo la zambarau, ni magonjwa matatu, na dawa ya mmoja haiugusi mwingine.

Chimbuko ni kioo. Kioo hupinda mwanga wa bluu kuliko mwekundu, hivyo lenzi ya kipande kimoja haiwezi kukusanya rangi zote mahali pamoja. Isaac Newton, aliyetenganisha rangi za mwanga kwa mche wa kioo katika miaka ya 1660, aliamini kwamba kwa lenzi kasoro hii haina tiba, na mwaka 1668 akaunda darubini iliyokusanya mwanga kwa kioo cha kuakisi. Alikosea kuamini hivyo. Katika miaka ya 1730 Mwingereza Chester Moor Hall alionyesha kwamba ukibananisha lenzi mbili za kioo cha aina tofauti, moja hufuta sehemu kubwa ya kosa la nyingine. John Dollond akapata hataza ya ufundi huo mwaka 1758. Lakini jozi hiyo hupatanisha rangi mbili tu. Zinazobaki, hasa urujuani ulio mwisho wa wigo, huangukia kando kidogo. Lenzi za leo zina vioo vingi na ghali zaidi, ila mabaki hayo hayajaisha, na ndiyo maana malalamiko mengi ni ya zambarau.

Sasa fungua picha, uikuze hadi asilimia mia, uanze katikati. Kama katikati ni safi na pindo huonekana kadiri unavyosogea pembeni, tena lina rangi mbili, nyekundu upande mmoja wa nguzo na kijani-bluu upande wa pili, huo ni ugonjwa wa kwanza. Picha nyekundu na picha ya bluu zimetoka na ukubwa tofauti kidogo, kama kitenge kilichochapwa rangi moja ikakosa kukaa kwenye mstari wake. Kubana apecha hakusaidii. Kinachosaidia ni programu ya kuhariri, nayo husaidia kweli, kwa sababu kazi yake ni kuikuza au kuipunguza rangi moja hadi zilingane. Kamera nyingi za sasa hufanya hivyo zenyewe zinapotengeneza JPEG. Aliyepiga kwa RAW asishangae kuliona pindo ambalo jirani yake halioni.

Ugonjwa wa pili haujali katikati wala pembeni. Hujitokeza mbele na nyuma ya sehemu iliyo kwenye fokasi. Tandaza gazeti mezani, ulipige kwa mshazari na lenzi ya f/1.8 iliyofunguliwa yote, fokasi iwe katikati ya ukurasa. Herufi za karibu nawe zikivaa wekundu wa zambarau na za mbali zikivaa kijani, umeupata. Bana apecha hadi f/4 urudie. Rangi zitafifia sana. Huu programu huuweza kwa shida, kwa kuwa rangi haikuhama tu, imetawanyika na kuwa ukungu. Nauona zaidi kwenye picha za maharusi zilizopigwa kwa apecha wazi ili nyuma kufifie: nyuzi za shela huwa zambarau mbele ya bega na kijani nyuma yake. Mimi ningekubali nyuma kuonekane kidogo kuliko shela iharibike.

Wa tatu ndio wa bati na mwembe. Zambarau hapa haina mwenzake wa kijani, nayo hukaa pale weupe ulipozidi hadi ukaungua. Urujuani ule uliosalia kwenye lenzi ni hafifu, usingeonekana. Mwanga ukizidi mno nao hupata nguvu ya kuonekana. Sensa huongeza lake. Katika kamera nyingi kila pikseli huona rangi moja tu, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Rangi nyingine hukisiwa kutoka kwa majirani, na majirani walioungua hutoa makisio mabaya. Piga tena kwa kupunguza mwanga hatua moja, kisha mbili. Pindo likipungua, umepata jibu. Au sogea hatua chache majani yaangukie vilima vya Matogoro badala ya mawingu.

Kuna zana ya kufuta zambarau katika programu nyingi, na inafaa, lakini haijui kutofautisha kosa na kitambaa. Ukiitumia kwa picha nzima ya misa ya Kwaresima inaweza kuichubua rangi ya kasula ya padri. Itumie kwa brashi, ukingoni mwa bati tu.

Mwisho, pima ukubwa wa kazi. Faili lenye upana wa pikseli 6,000 likichapwa kwa upana wa sentimita 15, pindo la pikseli tatu halifiki sehemu ya kumi ya milimita. Hakuna mzazi atakayeliona kwenye albamu ya kipaimara. Faili hilohilo likiwa bango la mita mbili, pindo hufika milimita moja, na hapo usiku mmoja wa kulisafisha una thamani yake.